Jinsi Nilivyokiosha Kijiji cha Waingereza

Nimeharibu vitu vingi maishani, kama kila mtu, lakini kijiji kizima nimekiharibu kimoja tu, na nilikiharibu kwa sabuni ya unga. Kijiji chenyewe kilikuwa Uingereza, ambako sijawahi kufika. Mimi nilikuwa Johannesburg, kwenye veranda ya nyumba moja ya Kensington, mikono imeloa hadi viwikoni, naimba.

Ilikuwa mwaka 2015. Nilikaa Bertrams, chumba kimoja kwenye ua wa vyumba vinane, na kila asubuhi nilipanda kilima kwa miguu kwenda kumfanyia kazi za ndani mama mmoja mzee wa Kiingereza aliyeishi peke yake. Alikuwa mjane, hana mtoto, na macho yake yalikuwa yanafunga. Mwanga aliuona, umbo la mtu mlangoni aliliona, ila maandishi yalishamkimbia. Siku ya kwanza nilimwita Mama, kama tunavyomwita mtu mzima kwetu Tanga, naye akageuka kutazama kama kuna mwanamke mwingine aliyeingia nyuma yake. Nilipomweleza kwamba ni yeye, alifikiri kidogo, akasema basi sawa, ni afadhali kuliko Madam. Tulizungumza Kiingereza, chake cha chuo kikuu na changu cha sekondari, na tuliposhindwana tuliongezea mikono.

Chini ya sinki la jikoni kulikuwa na makopo saba makubwa ya biskuti. Niliyaonea wasiwasi tangu siku ya kwanza, maana kopo la biskuti ambalo halina biskuti lina mende. Wiki ya tatu jirani alimpeleka Mama kliniki ya macho, nikapata nafasi ya kuyafungua. Mende hawakuwemo. Kulikuwa na vipande vya vyungu vilivyovunjika, mamia kwa mamia, vimefungwa kwenye mifuko ya karatasi iliyochakaa. Vilikuwa vichafu, vingine vina masizi, na kila kimoja kilikuwa na vidoa vidogo vyeusi nilivyodhani ni mavi ya nzi. Sasa mimi nimelelewa na mama ambaye hakuwahi kulala na chombo kichafu ndani ya nyumba, hata kiwe kimevunjika. Nikatoa karai.

Niliviloweka, nikavisugua kimoja kimoja kwa brashi ya kufulia. Vile vidoa vilikuwa sugu, vimepakwa juu yake kitu kama vanishi, nikavitilia dawa ya kutoa madoa ya nguo vikaachia. Nilijisifu sana kwa kuwaza ile dawa. Mifuko niliitupa, na gari la taka likapita asubuhi ile ile, kwa sababu siku ukitaka lichelewe halichelewi. Mama aliporudi alikuta vigae vyake vimeanikwa juani juu ya mataulo, vinameta.

Akapitisha vidole juu yake. "Umeviosha," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Vilishaoshwa siku vilipochimbwa. Lakini vumbi la Johannesburg ni habari nyingine. Asante sana."

Nikafurahi kama mjinga. Tukanywa chai pale pale veranda, naye akaanza kunieleza. Alipokuwa msichana alikuwa mmoja wa vijana waliochimba kijiji kimoja kilichohamwa karne nyingi zilizopita, mahali ambapo sasa ni malisho matupu. Wakubwa wake wakamkabidhi vigae vyote vya nyumba za wanakijiji aandike taarifa yake, sura moja tu ya kitabu. Akaolewa, mume akapata kazi Johannesburg, naye akaja na makopo saba akiahidi kwamba baada ya mwaka mmoja atakuwa amemaliza. Vigae vikakaa kwake muda mrefu kuliko ndoa yenyewe. Wote aliochimba nao walikuwa wamekufa. Sasa jumba la makumbusho la huko, ambalo ndilo lenye mali, lilikuwa limemwandikia barua ya adabu: vitu virudi mwisho wa mwaka, taarifa iwepo au isiwepo.

"Nikivirudisha bila taarifa," alisema, "basi maisha yangu yote nilikuwa mwizi tu. Nikiandika, nilikuwa mtu aliyechelewa. Hiyo ndiyo tofauti, na ni kubwa. Nahitaji macho yako, saa mbili kila siku baada ya chakula cha mchana. Mimi nitasema, wewe utapiga chapa."

Nikamwambia hakuna taabu.

"Kazi ni nyepesi," aliendelea. "Kila kigae kina namba ya wino mweusi, ndogo sana. Namba inasema nyumba ipi, chumba kipi, tabaka lipi la udongo. Bila namba ni takataka."

Nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Kesho yake alinipa kigae cha kwanza, akaniambia nisome. Nikakigeuza huku na huku. Kilikuwa kisafi kama sahani ya harusi.

"Umeme umekatika, Mama," nilisema. "Sioni vizuri."

Mwaka ule umeme wa Johannesburg ulikatwa kwa zamu, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na heshima yake. Kasoro ni kwamba ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa dirishani, na redio ilikuwa inasoma habari. Mama akainamisha kichwa kuisikiliza.

"Ya betri hiyo," nikasema. Ilikuwa imechomekwa ukutani.

Siku ya pili kichwa kiliniuma. Ya tatu nilisema nahitaji miwani, mimi ambaye natunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Mama hakunisukuma. Kila niliposhindwa kusoma, alisema haidhuru, akanisimulia kijiji huku anasubiri nipone, na masimulizi yale ndiyo yaliyonitia matatani zaidi, kwa sababu nilianza kuyapenda.

Alisema ukisimama pale leo utaona majani na kondoo. Lakini njoo asubuhi jua likiwa chini, vivuli vitakuonyesha kila kitu: hapa ardhi imeinuka, palikuwa na nyumba, pale pamezama, ilikuwa njia, imekanyagwa na watu na ng'ombe mpaka ikawa mfereji, kule matuta marefu ya mashamba, hayajaguswa na jembe tangu wenyewe walipoondoka. Kanisa tu ndilo limebaki limesimama, peke yake uwanjani, halina muumini. Mambo hayo hayakunishangaza. Mahame nayajua. Bara ya kwetu, ukitembea porini ukakuta ua wa minyaa umenyooka na hakuna mtu, tazama chini utaona vigae, basi ujue watu walipikia hapo. Nilimwambia hivyo, naye akanitaka nimweleze minyaa ni nini, na maziwa yake yanavyounguza macho, na akasahau kabisa kuhusu namba. Nikapata siku mbili nyingine.

Kitu kimoja kilimkasirisha kuliko vyote, nacho ni tauni. Waingereza wote, alisema, ukiwatajia kijiji kilichohamwa watakwambia tauni iliwamaliza. Uongo. Tauni ilikuja, ikaua wengi, na waliobaki wakafukia wafu wao wakarudi kulima. Waliishi pale vizazi baada ya hapo. Kilichowamaliza ni mwenye ardhi, aliyepiga hesabu zake akaona kondoo hawahitaji nyumba. Nyumba zikabomolewa moja baada ya nyingine, ya mwisho ikaanguka, kondoo wakaingia. Vitabu viliendelea kusema tauni kwa sababu tauni haina jina wala wajukuu wa kuonewa aibu. Sisi wa Bertrams, ambao kila wiki tulisikia jengo fulani limepata mwenyewe mpya na wapangaji wako barabarani na magodoro yao, hatukuhitaji kuelezwa mara mbili.

Nilijifunza pia kwamba walikuwa na kufuli nyingi. Wachimbaji waliziokota nyumba kwa nyumba, na funguo zake, ingawa ndani hamkuwa na cha kuiba ila chungu na blanketi. Nikawaona ni watu wa kawaida, wangeweza kukaa Bertrams. Na nilijifunza kuhusu sakafu. Nyumba zilikuwa ndefu, watu upande mmoja na ng'ombe upande wa pili, chini ya paa moja, na sakafu ya upande wa watu ilikuwa imebonyea katikati kama sinia. Wakubwa walibishana sana sababu ni nini. Ilikuwa ufagio. Wanawake wale walifagia udongo kila siku, mama na binti na mjukuu, mpaka sakafu ikazama. Niliposikia hivyo nilihisi nina ndugu Uingereza. Hapo hapo nikakumbuka nilichowafanyia vyungu vyao, nikasikia aibu mpaka masikioni.

Mwishowe nilimwambia jirani yangu wa Bertrams. Alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, msusi na mpakaji wa rangi za kucha, mwenye mkono ambao ungeweza kuchora ua zima la waridi kwenye kucha ya kidole cha mwisho. Alinisikiliza huku anamsuka mtu.

"Dada, benye bile byungu balishakufa bote," alisema. "Nani atakuya kukuuliza?"

"Mama ataniuliza. Ananiuliza kila siku."

"Na eko haone. Eish, iko wapi shida? Nitakuya na burashi yangu ya makucha, nikuandikie manumero yote. Weye sema tu nyumba ngapi."

Siku ya kliniki iliyofuata akaja Kensington na mfuko wake. Tulikaa veranda, kopo katikati. Nilimpa kigae, nikamwambia nyumba ya tano, akaandika tano kwa mwandiko mzuri kuliko wa serikali. Nikampa kingine, nyumba ya pili. Kingine, nyumba ya saba. Tulifika vigae tisa. Cha kumi kilikuwa mkono wa jagi, na juu yake kulikuwa na alama ya kidole gumba cha mfinyanzi, amekibonyeza kabla udongo haujakauka. Niliweka kidole changu ndani yake kikaingia sawasawa.

"Nyumba ngapi?" aliuliza.

Nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama. Enzi za Operesheni Vijiji walihamishwa kijijini kwao, na vyungu vya ukoo mzima vikapakiwa lori moja. Kule kwenye kijiji kipya vikamwagwa chini kwa pamoja, na wanawake wakagombana hadi jua likazama. Chungu chake kikubwa cha maji kikaishia kwa jirani, ambaye aliapa kwa Mungu ni chake. Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipopita mbele ya mlango ule alitema mate, kidogo tu, kwa adabu. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha majani huko Kensington nawagawia wanawake vyungu vya watu.

"Tufute," nikasema.

"Tufute nini?"

"Zote tisa."

Jirani yangu akatoa chupa yake ya kufutia rangi ya kucha, akafuta. Alinung'unika Kifaransa mpaka tunafika getini. Alisema amepoteza wateja wawili kwa ajili ya wafu wa Kizungu, na kweli alikuwa amepoteza.

Mama aliporudi sikumpa hata nafasi ya kuvua koti.

"Mama, namba hazipo."

"Hazipo wapi?"

"Hazipo popote. Niliziosha. Nilidhani ni uchafu."

"Na mifuko? Mifuko ilikuwa imeandikwa."

"Niliitupa."

Alikaa kwenye kiti cha jikoni. Nilimsubiri afoke, nami nilikuwa tayari kufokewa, hata nilitamani.

"Sabuni gani?" aliuliza.

Nikamtajia. Akauliza kama ni hiyo peke yake, nikamletea na chupa ya dawa ya madoa. Akaifungua akanusa.

"Ndiyo," alisema. "Hii ingetosha." Kisha akainuka, akaenda chumbani kwake anapapasa ukuta, akafunga mlango. Niliosha vikombe vilivyokuwa safi, nikaondoka.

Asubuhi iliyofuata nilipanda kilima na funguo za nyumba yake ndani ya bahasha, ili nimkabidhi yeye kabla hajaniomba. Nilimkuta mezani, amevaa nguo za jana, mbele yake kuna madaftari manne ya zamani.

"Fungua la kwanza," alisema.

Nikafungua. Lilikuwa limejaa michoro ya penseli, midomo ya vyungu, mikono, vitako, kila kimoja kwa ukubwa wake halisi, na pembeni yake namba.

"Nilivichora vyote vilivyokuwa na umbo. Wakati nina macho. Wewe utaweka kigae juu ya mchoro, na kikilingana tutajua kilikotoka. Itachukua miezi. Bado nimekasirika."

"Najua, Mama."

"Nitaendelea kukasirika mpaka Septemba, nadhani."

"Sawa, Mama," nikasema, nikarudisha bahasha mfukoni.

Baridi yote ya mwaka ule tulikaa mezani na hita ya gesi miguuni. Nilikuwa napekua, naweka, natoa, naweka tena. Yeye alipima unene kwa vidole na mara nyingi aliniwahi: huyu wa nyumba ya tatu, namjua kwa uzito wake. Tuligombana pia. Kuna chungu kimoja alichokuwa amekiandika kwamba ni cha kuwekea nafaka. Nikamwambia si kweli, kina masizi upande mmoja tu, hata brashi yangu haikuyatoa, mwanamke aliyekitumia alikiweka pembeni ya moto na si juu yake, kama unavyofanya ukitaka maharage yasipoe na mume hajarudi. Mama akakipapasa, akaniambia nifute nafaka. Nilikwenda nyumbani siku ile natembea katikati ya barabara. Septemba ikafika, nikamuuliza kama hasira imekwisha. Akasema ameisahau tangu Julai, ila hakutaka kunizoesha vibaya.

Tukabaki na sinia moja. Vilikuwa vipande vya matumbo ya vyungu, havina mdomo wala mkono, havikuwahi kuchorwa. Kila nilipokishika kimoja aliniuliza, "Una hakika?" Ningeweza kusema ninayo. Nikasema sina. Basi hakina nyumba, alijibu, weka kando. Tukavitengenezea ukurasa wake mwishoni mwa taarifa, kichwa cha habari kikiwa vigae visivyojulikana mahali pake.

"Lazima tuseme kwa nini," alisema, akaanza kunitajia maneno niandike. "Vigae hivi vilipoteza namba zake kwa uzembe wa mwandishi, ambaye hakuvihifadhi inavyostahili."

Nikaacha kupiga chapa. "Mama, haikutokea hivyo."

"Nani aliyeviweka chini ya sinki, pamoja na sabuni, miaka yote hiyo? Mimi nimezeeka, hakuna wa kunifukuza kazi. Wewe bado utatafuta kazi nyingine mbele ya safari. Andika nilivyosema."

Nikasema sawa, nikapiga chapa, naye akasikiliza mlio wa vibonye akaridhika. Hakuweza kuona nilichoandika. Nilikuwa nimeshinda miezi mitano nikimsikia akigombana na watu walioweka tauni pasipo tauni, ili mtu fulani asionewe aibu. Sikuweza kuwa kondoo wa pili kukimaliza kijiji kile halafu nijifiche nyuma ya Mama. Na nilimpenda, niseme tu; sikutaka watu wa huko wasome kwamba alikuwa mzembe.

Siku ya mwisho alitaka nimsomee taarifa nzima kabla haijachapwa. Nilisoma tangu saa tatu asubuhi. Saa za chai nikafika ukurasa ule. Maneno aliyonipa nilikuwa nayakumbuka yote, ningeyasema bila kutazama. Nikasoma yaliyokuwepo.

"Vigae hivi vilipoteza namba zake Johannesburg, vilipooshwa kwa sabuni na dawa ya madoa na mfanyakazi wa nyumbani kwa mwandishi, aliyedhani namba ni mavi ya nzi. Mifuko aliitupa. Mtu huyo ndiye aliyepiga chapa taarifa hii."

Mama akaweka kikombe chake mezani.

"Sicho nilichokwambia uandike," alisema.

"Sicho, Mama."

"Mavi ya nzi. Kwenye taarifa ya kisayansi."

"Ndivyo nilivyodhani."

Alitoa kitambaa akafuta macho yake, lile la kulia na lile la kushoto, kisha akakikunja vizuri akakirudisha mfukoni.

"Hukuandika tarehe," alisema. "Ilikuwa siku gani?"

"Tarehe siikumbuki. Ilikuwa Jumanne."

"Basi andika Jumanne."

Nikaandika Jumanne.